Onyo Lisiloeleweka Si Onyo: Theluji ya Mapema Marekani na Maneno Yanayowaacha Watu Wetu Nje

OBOKOTE, Lubutu (Maniema) – 

Leo tunasema juu ya theluji. Najua wako watakaocheka: mtu wa Obokote, chini ya mvua ya msitu, anataka kufundisha watu theluji! Lakini subirini kidogo. Kila mwaka, mwezi wa kumi ukikaribia kwisha, video zinaanza kuingia katika simu zetu. Ndugu aliyepelekwa Iowa, Illinois, Michigan, Minnesota au Ohio anatuonyesha barabara nyeupe, gari limefunikwa, watoto wanarusha vipande vya theluji. Huku tunajibu kwa vicheko na "Mungu ni mkubwa." Kinachokosekana katika video hizo ni saa kumi na mbili zilizotangulia, wakati simu yake ilipolia sauti ya hatari, maandishi yakatokea, naye hakujua yanamwambia nini: akae ndani, aende kazini, au ahamishe gari.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea mpaka mwisho: onyo lililotolewa kwa maneno ambayo mtu hayaelewi halijatolewa. Aliyelitoa asiseme "tuliwaambia." Hakuwaambia. Alijiambia mwenyewe. Hukumu hiyo iwaangukie wakubwa wa meteo wa Marekani, na vilevile wale wa kwetu.

Kwanza, kwa nini jambo hili linatuhusu

Mtu asidhani tunazungumzia watu wawili watatu. Kwa miaka mingi Kongo ilikuwa nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi zingine katika mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi. Mwaka 2016 peke yake waliingia zaidi ya 16,000, na mwaka 2024 walikaribia 20,000. Wengi walitoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, Nakivale na Kyangwali kule Uganda, au kambi za Burundi na Rwanda. Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha mpango huo, na familia nyingi zilizokuwa zimefunga mizigo zikabaki kambini. Lakini wale waliokwisha kufika wako huko, na baridi haiulizi mtu aliingia mwaka gani.

Sehemu kubwa ya watu hao walipangiwa miji ya katikati ya Marekani: Cedar Rapids, Des Moines na Waterloo kule Iowa, Grand Rapids kule Michigan, Chicago, Columbus, Indianapolis. Ni miji yenye kazi za viwanda vya nyama na maghala, kazi ambazo mtu anatoka nyumbani saa kumi za usiku, wakati barabara haijafagiliwa. Hela anayoipata katika kazi hiyo ndiyo inayolipa minerval ya mtoto huku, ndiyo inayonunua dawa za bibi, ndiyo iliyobeba familia zaidi ya moja wakati Walikale ilipovamiwa mwezi wa tatu 2025 na watu wakamiminika kwenye barabara ya RN3 kuja Lubutu na kuendelea hadi Kisangani. Basi gari la yule ndugu likiteleza huko, sahani inapinduka huku. Hilo ndilo jibu langu kwa anayesema "mambo ya theluji si yetu."

Theluji ya mapema ndiyo mbaya zaidi

Watu wa huko wenyewe wanajua kwamba theluji ya kwanza ina hatari kuliko ya katikati ya msimu. Gari bado lina matairi ya kiangazi, koti liko sandukuni, mkono umesahau usukani wa barafu. Kama mwenyeji aliyezaliwa huko anasahau kila mwaka, vipi yule ambaye hajawahi kujua?

Na theluji ya mapema haina haya. Tarehe 31 mwezi wa kumi 1991, siku ambayo watoto wa Minnesota wanazunguka nyumba kwa nyumba kuomba peremende, dhoruba ilianza. Ilipokwisha siku tatu baadaye, Minneapolis ilikuwa imepata kama sentimita 72 za theluji na Duluth kama 94. Pimeni: hiyo inafika kiunoni mwa mtu mzima. Tarehe 20 mwezi wa kumi 2020 Minneapolis ilipata tena karibu sentimita 20, wakati majani ya miti yalikuwa hayajamaliza kuanguka.

Mbaya kuliko zote ni ile ya tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 1940. Asubuhi ilikuwa ya joto la kupendeza kwa msimu ule. Wawindaji wa bata walikwenda mtoni wakiwa na mashati tu. Mchana upepo ukageuka, mvua ikawa barafu, barafu ikawa theluji, na joto likaporomoka. Watu wapata 150 walikufa katika majimbo ya katikati, wakiwemo wawindaji walioganda visiwani mwa mto Mississippi. Utabiri wa sehemu ile ulikuwa unatoka Chicago, mbali na mto wenyewe, na onyo lilichelewa. Baada ya msiba huo serikali ilibadilisha mpango na kuweka watabiri wa usiku na mchana karibu na watu.

Angalieni somo hilo. Waliokufa walikuwa wenyeji, wenye lugha yao, na serikali yao haikusema "wangejifunza kutazama mawingu." Ilikubali kwamba onyo halikufika, ikarekebisha onyo. Mimi naomba hesabu hiyohiyo itumike kwa mtu wa Kongo.

Maneno yenyewe ni mtego

Sasa tuyaangalie maneno. Mtu akitoka Maniema, kitu cha kwanza kinachomdanganya ni namba. Huku Kindu, meteo ikisema digri 30, ni mchana wa kawaida, mtu anafungua shati. Marekani wanapima kwa Farenhaiti, na kwa kipimo hicho maji yanaganda kwenye 32. Kwa hiyo "30" ya Iowa ni barafu. Mtoto akisoma kwenye simu "30" na akatoka na kandambili, si ujinga. Amesoma namba aliyofundishwa, katika nchi inayotumia kipimo kingine.

Kisha yanakuja maneno matatu ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kila tangazo la huko: "watch," "advisory" na "warning." Mwenye Kiingereza cha kambini anajua kwamba "watch" ni saa ya mkononi, au ni kutazama. Kwa hiyo "winter storm watch" kwake ni nini? Saa ya dhoruba? Kutazama dhoruba dirishani? Kumbe maana yake ni kwamba dhoruba inawezekana, jiandae. "Warning" ni kwamba dhoruba iko mlangoni au imekwisha kuingia, jilinde sasa. "Advisory" ni kwamba inakuja lakini ni ndogo kuliko ile ya onyo, uwe mwangalifu. Nani atayajua hayo bila kuelezwa?

Kuna neno lingine, "snow emergency." Msikilizaji, ukisikia neno lenye maana ya dharura, utafanya nini? Utafunga mlango, utakaa na watoto. Katika Minneapolis na miji mingine, neno hilo ni amri ya magari: ondoa gari lako upande fulani wa barabara ili mashine za kusukuma theluji zipite. Aliyejifungia ndani kwa kutii "dharura" anaamka gari limekokotwa, na kulikomboa ni hela nyingi. Hapo mtu ametii onyo kwa moyo wote, na kwa kutii ameadhibiwa. Nawapa haki yao watu wa Minneapolis: kanuni hizo wanazieleza pia kwa Kihispania, Kihmong na Kisomali. Kwa hiyo inawezekana. Ukiona Msomali anaelezwa kwa lugha yake, ujue hakuna sheria ya Mungu inayomkataza Mkongomani kuelezwa kwa yake.

"Black ice" nayo. Mfasiri wa haraka atasema "barafu nyeusi," na dereva atatafuta kitu cheusi barabarani. Hakipo. Ni barafu nyembamba inayong'aa kama kioo, lami inaonekana chini yake, mtu anadhani barabara ina maji tu. Jina la kweli kwa Kiswahili ni barafu isiyoonekana. Aliyetafsiri neno kwa neno amemtuma dereva kutazama mahali pabaya.

Na "wind chill." Kipimo kinaweza kusema digri 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi, lakini upepo wa kilometa 24 kwa saa ukivuma, mwili unapoteza joto kana kwamba ni digri 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa nusu saa. Kwanza pua, masikio, vidole. Nyama inakuwa nyeupe, haisikii tena. Mtu anayesubiri basi bila glavu haoni damu, haoni jeraha, anadhani ni ganzi tu.

Iko pia theluji ya ziwa. Hii watu wa Kivu na Tanganyika wangeielewa haraka kama wangeelezwa. Upepo wa baridi kutoka Kanada unapita juu ya ziwa Michigan. Mwezi wa kumi na moja maji ya ziwa bado yana joto la kiangazi. Upepo unabeba mvuke, mvuke unakuwa wingu, na wingu linamwaga theluji upande wa pili wa ziwa, kuelekea Grand Rapids. Mji mmoja una jua, na mwendo mfupi kutoka hapo watu wanafukuliwa kwa koleo. Asiyejua hilo anatazama dirishani, anaona mbingu safi, anaingia barabarani, na baada ya dakika ishirini hamwoni aliye mbele yake.

Wanaosema "wajifunze Kiingereza"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia mara nyingi, hata kutoka kwa Wakongomani wenzetu waliotangulia kufika. Ni kweli, kujifunza lugha ya nchi ni wajibu, na watu wetu wanajifunza. Lakini theluji haisubiri mtu amalize darasa. Mama aliyefika mwezi wa nane hawezi kuwa na Kiingereza cha meteo mwezi wa kumi.

Tena, wenye Kiingereza wenyewe wanachanganyikiwa. Shirika la meteo la Marekani limekuwa kwa miaka mingi na mradi wa kurahisisha maneno yake, sababu raia hawatofautishi "watch" na "advisory." Mwezi wa kumi 2024 waliacha kutoa onyo kwa jina la "wind chill" wakaliita onyo la baridi kali, kwa sababu watu walidhani hatari ipo upepo ukivuma tu. Hata neno "blizzard," ambalo sisi tunalisikia "blizadi," halikuwa neno la theluji tangu zamani. Lilikuwa pigo au mlio wa bunduki. Gazeti moja la mji wa Estherville, Iowa, linatajwa kuwa ndilo lililoanza kulitumia kwa dhoruba ya theluji mwaka 1870. Maana yake, watu wa Iowa nao walikutana na kitu kisicho na jina, wakakitafutia jina. Kwa nini sisi tukikosa jina tuitwe wajinga?

Wengine wanasema, "Simu inatafsiri." Tuone. Shirika la meteo lilianza kutafsiri matangazo yake kwa mashine: Kihispania, Kichina, Kivietnamu, Kifaransa, Kisamoa. Kiswahili hakikuwemo. Mwezi wa nne 2025 hata tafsiri hizo zilisimama kwa sababu mkataba na kampuni ulikwisha, zikarudi mwisho wa mwezi. Nayo tume ya mawasiliano ya Marekani, mwezi wa kwanza 2025, iliamua kwamba maonyo ya simu yaandaliwe kwa lugha 13 zaidi ya Kiingereza. Kiarabu kimo, Kireno kimo, Kikrioli cha Haiti kimo. Kiswahili hakimo.

Atakayesema "lakini Kifaransa kimo, na Wakongomani wanajua Kifaransa," huyo hajawahi kutembea vijijini kwetu. Kifaransa ni cha waliopata shule. Mama aliyekimbia Fizi mwaka 1996, akazaa na kulea Nyarugusu, anaongea Kibembe na Kiswahili. Mzee wa Obokote anaongea Kikumu na Kiswahili. Kumpa onyo la Kifaransa ni kubadilisha kufuli bila kumpa ufunguo.

Na ushahidi upo kwamba lugha inaokoa. Mwezi wa kumi na mbili 2021, vimbunga vilipopiga Kentucky, familia moja ya watu wa Kihispania ilipata onyo la Kiingereza kwenye simu, ikalipuuza. Onyo lilelile lilipofika kwa Kihispania, walikimbia kujificha, wakapona. Mtafiti aliyeongea nao ndiye aliyeeleza hayo. Dhoruba ni moja, simu ni moja, dakika ni zilezile. Kilichobadilika ni lugha tu.

Cedar Rapids: sisi tulishalipa

Anayetaka mfano wa watu wetu wenyewe, aende Cedar Rapids. Tarehe 10 mwezi wa nane 2020, upepo mkubwa ulivuka Iowa mchana kweupe. Katika mji huo nguvu yake ilikadiriwa kufika kilometa 225 kwa saa. Zaidi ya nusu ya miti ya mji iliangamia. Dhoruba ya namna hiyo inaitwa "derecho," neno la Kihispania lililochukuliwa mwaka 1888 na mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Iowa, Gustavus Hinrichs. Raia wengi wa Marekani walilisikia kwa mara ya kwanza siku ile. Mkimbizi angelijua kutoka wapi?

Majengo ya kupanga waliyokaa wakimbizi yalipasuka mapaa. Familia nyingi, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na visiwa vya Mikronesia, zililala katika mahema nje ya nyumba zao, siku kwa siku, umeme hakuna, wakati habari za msaada zilikuwa zinazunguka zaidi kwa Kiingereza na kwa mtandao uliokatika. Ninyi mlioko katika hali ya kukimbia mnajua hema ni nini. Fikirini mtu aliyekaa miaka ishirini chini ya turubai la HCR, akapandishwa ndege kwenda nchi tajiri kuliko zote, na huko akarudi tena kwenye hema.

Kuna hatari nyingine iliyomo katika mazoea yetu, na lazima niiseme bila kuzunguka. Umeme ukikatika na baridi ikiingia, mtu wetu anajua dawa: mbabula na makala. Huku kwetu nyumba inapumua, ukuta una matundu, paa lina nafasi. Nyumba za huko zimezibwa kila upande. Makala yakiwaka ndani yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na watu wanalala wasiamke. Mwezi wa pili 2021, baridi kali ilipokata umeme Texas, familia ziliwasha makala, majenereta na hata magari ndani ya nyumba ili kupata joto. Kule Houston familia moja ya Kiethiopia ilipoteza mama na mtoto namna hiyo. Maelezo ya gesi hiyo kwa Kiingereza ni maneno mawili ya kemia. Kwa Kiswahili inatosha kusema: gesi ya makala inaua usingizini, usiwashe moto wa makala wala jenereta ndani ya nyumba. Sentensi moja. Ni nani aliyeshindwa kuisema?

Kiswahili hakikosi maneno

Usiniambie tena kwamba lugha zetu hazina maneno ya baridi. Sisi tuna theluji yetu. Mlima Ruwenzori uko kwetu, mpakani na Uganda, na ncha yake ya Margherita ina meta 5,109. Wanande na Wakonzo waliouzunguka wana neno lao la theluji, "nzururu," na jina la Rwenzururu limetoka humo. Hawakumsubiri Mzungu awape neno. Na neno "theluji" lenyewe ni la kale katika Kiswahili, lilitoka kwa Waarabu kabla hatujajua kuna Iowa.

Tena Tanzania wamekwisha kuonyesha njia. Mamlaka yao ya hali ya hewa inatoa matangazo kwa ngazi zinazoeleweka na kila mvuvi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, na kila ngazi ina rangi yake. Mtu wa dau hahitaji kamusi. Kwa hiyo napendekeza, kwa ndugu zetu walioko katikati ya Marekani na kwa vyama vyao, maneno haya yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni:

"Watch" – Jiandae. Inaweza kuja. Nunua chakula, chaji simu, tafuta blanketi.

"Advisory" – Uwe mwangalifu. Inakuja, si kubwa sana, lakini inaangusha.

"Warning" – Jilinde sasa. Iko hapa. Usitoke kama si lazima.

"Blizzard" – Dhoruba ya theluji yenye upofu. Upepo wa kilometa 56 kwa saa au zaidi, huoni zaidi ya meta 400, kwa saa tatu au zaidi. Usiendeshe gari.

"Black ice" – Barafu isiyoonekana. Nenda polepole, usikanyage breki ghafla.

"Wind chill" – Baridi inayoongezwa na upepo. Funika masikio, pua, mikono.

"Snow emergency" – Katika miji kama Minneapolis, ni amri ya kuhamisha gari. Uliza mji wako ni upande gani wa barabara.

Mistari saba tu. Mashirika yanayopokea wakimbizi yanawafundisha kupanda basi na kutumia jiko la umeme. Yaongeze karatasi hii kabla ya mwezi wa kumi.

Na sisi huku, tuko safi?

Hapa ndipo wengine watakasirika. Tunaweza kuwanyoshea kidole Wamarekani mpaka jioni, lakini nchi yetu inafanya hivyohivyo, tena bila visingizio vya umbali. Tuna shirika la taifa la meteo, Mettelsat. Taarifa zake zinaandikwa kwa Kifaransa. "Précipitations," "perturbation," "vigilance": mkulima wa mpunga hapa Obokote afanye nini na maneno hayo?

Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, siku ya soko, mvua ilishuka milimani Kalehe, Kivu ya Kusini. Maji, mawe na matope viliangukia Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, wengine wengi hawakuonekana tena. Hakuna aliyepita sokoni na kipaza sauti kusema kwa Kiswahili au Kihavu: leo ondokeni bondeni. Mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024, mto Kongo ulipanda mpaka karibu na kipimo cha 1961, nyumba zikazama katika majimbo mengi. Wangapi walielezwa kwa lugha ya nyumbani, kabla maji hayajafika mlangoni?

Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2022 kwamba mpaka mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa onyo la mapema. Neno zuri. Lakini mitambo na satelaiti peke yake havimfikii mama anayeuza chikwangue kando ya barabara. Kinachomfikia ni redio, shefu wa kijiji, kanisa, msikiti, na mtoto anayepiga mbio na habari. Yote hayo yanaongea Kiswahili.

Kwa hiyo naomba wazi. Mettelsat na serikali ya jimbo pale Kindu watoe kila onyo kwa Kiswahili kwanza, Kifaransa kifuate. Maredio ya jamii yapewe taarifa hizo bila malipo, na yazisome pia kwa lugha za wenyeji. Vyama vya Wakongomani vya Iowa, Michigan na kwingineko viandikie shirika la meteo la Marekani na kudai Kiswahili kiingie katika orodha. Watu wakiwa wengi namna hiyo si ombi la kuomba msaada, ni hesabu. Na mashirika ya misaada yanayokuja huku na mabango ya Kifaransa kwa watu waliokimbia, yajue kwamba mabango hayo yanasomwa na wenye kuyaandika tu.

Kwa familia, neno la mwisho. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa tatu, mkimpigia ndugu aliye Iowa au Chicago, kumbukeni kwamba saa mbili za usiku kwetu ni saa sita za mchana kwao. Asubuhi yetu ni usiku wao wa manane, ama saa anayotoka kwenda kazini gizani. Asiposhika simu, msimwite mwenye kiburi. Huenda mikono yote miwili iko kwenye usukani. Kabla ya kuuliza habari ya hela, muulizeni: leo meteo imesema nini, na umeelewa? Kama hakuelewa, msomeeni mistari saba iliyoko hapo juu. Haitagharimu zaidi ya inite kidogo za simu.

Mwandishi wenu wa redio, Obokote.